Mwongoza wageni wa Kilimanjaro nikageuka mgeni: uzoefu wangu wa Everest Base Camp

Nianze kwa kukiri. Nilipoona kwenye ratiba kwamba Everest Base Camp, kambi ya chini ya mlima Everest kule Nepal, iko mita 5,364, nilicheka. Mimi ni mtoto wa Marangu, huu ni mwaka wa tisa naongoza wageni Kilimanjaro, na Uhuru nimefika mara ambazo nimeacha kuzihesabu. Mita 5,364 kwetu ni juu kidogo ya pango la Hans Meyer, pale mgeni anapoanza kukuuliza "bado sana?" nawe unamdanganya. Nikajisemea, siku zote hizo za nini?

Mlima ulinijibu. Nitafika huko.

Mwezi wa nne kwetu ni masika. Njia zimelowa, wagumu, yaani wapagazi wetu, wako mashambani, sisi viongozi tunapiga soga Moshi mjini. (Naandika "kiongozi" makusudi. Lile neno la Kiingereza tunalotumia kazini, ukiliandika kwa herufi zetu linakuwa gaidi, na sitaki matatizo.) Nepal mwezi huohuo ndio msimu umepamba moto. Nilikuwa nimeweka bahshishi za misimu miwili, nikailipa ofisi moja ya Kathmandu dola 1,350: kiongozi, mpagazi, vyumba, vibali vya hifadhi ya Sagarmatha, na ndege ya Lukla, kijiji unapoanzia kutembea, kwenda na kurudi. Chakula juu yangu. Tiketi ya kutoka KIA kupitia Doha ni kilio kingine kabisa. Viza nilipata palepale uwanjani Kathmandu, dola 50 kwa siku 30.

Kero ya kwanza ilikuja kabla sijavaa buti. Ratiba ilisema "Kathmandu–Lukla, dakika 30". Hawakuniambia kwamba msimu ukichanganya, ndege nyingi za Lukla huhamishiwa uwanja mdogo wa Manthali, wilaya ya Ramechhap, mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Tuliamshwa saa saba usiku, tukapakiwa kwenye Hiace, halafu tukaombwa dola 20 kila mmoja za usafiri huo. Msongamano wa uwanja si kosa lao. Kosa ni kunyamaza, na kunyamaza kwa namna hiyo nakujua, maana hata kwetu yapo makampuni yanayofanya hivyohivyo na ada za getini.

Kuhusu Lukla kwenyewe: barabara ya kurukia ina mita 527 tu, imeinuka kama njia ya kwenda kwa bibi, mbele ukuta wa mlima, nyuma korongo. Rubani akishakaribia hana nafasi ya kughairi. Nilifumba macho.

Tulikuwa wageni wanne: mimi, mume na mke kutoka Ureno, na kijana wa Korea. Juu yetu kiongozi, msaidizi wake, na wapagazi wawili. Ukipiga hesabu umeshaona. Mifuko minne, migongo miwili. Kila mfuko kilo 15, kwa hiyo mmoja anabeba 30, bado vitu vyake mwenyewe. Kwetu mzigo wa mpagazi unapimwa getini na mwisho ni kilo 20. Kule 30 ndiyo kawaida, na wale wanaopeleka bidhaa za dukani nimewaona na zaidi ya hapo, mbao za kujengea, mitungi ya gesi, makreti ya bia.

Siku ya pili, kwenye mapumziko kabla ya daraja refu la kuning'inia linaloelekea Namche, nilimwomba mpagazi aliyebeba mfuko wangu anipe nijaribu. Wao hawabebi kichwani kama sisi, wala begani. Mzigo unakaa mgongoni na unashikiliwa na mkanda unaopita utosini, unaitwa namlo. Nikaketi, nikaingiza kichwa, nikainuka. Hatua sita. Uzito wote unashuka kwenye shingo na uti wa mgongo, na huwezi kutazama popote ila miguu yako. Nikaelewa kwa nini kila mmoja ana kigongo kifupi chenye umbo la T: akichoka hatui, anakiweka chini ya mzigo na kupumzika akiwa amesimama. Jamaa alicheka mpaka akakohoa. Nilirudisha mfuko nikiwa na aibu, jioni ile nikatoa kilo tatu za nguo na kuzibeba mwenyewe. Ofisi ingeajiri wapagazi wanne, mimi ningelipa tofauti bila neno.

Tofauti kubwa na kwetu ni kwamba hakuna hema. Kilimanjaro tunapanda na nyumba yetu, jiko letu, hata choo chetu. Kule unatembea kijiji kwa kijiji na unalala kwenye nyumba za watu: Phakding, Namche (mita 3,440, mji kamili wenye benki na mikate iliyotoka motoni), Tengboche penye monasteri, Dingboche, Lobuche, Gorak Shep. Chumba ni vitanda viwili na ukuta wa plaiwudi, jirani akigeuka unasikia. Chumba ni bei ya chini kwa sharti kwamba utakula hapohapo, na bei ya chakula inapanda na mlima. Chai niliyoinywa kwa rupia 100 Phakding, Gorak Shep ilikuwa 300. Kuchaji simu, maji ya moto ya kuoga, intaneti, vyote vinalipiwa. Tenga kama dola 30 kwa siku na hutaaibika.

Chakula nakipa alama zote. Kula dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, kwa sababu unaongezewa mpaka ukatae. Nyama achana nayo ukishapita Namche. Kwa imani ya Kibuddha, Washerpa, wenyeji wa kule, hawachinji juu, kwa hiyo ile nyama imepanda siku kadhaa mgongoni mwa mtu ndani ya jua. Na siku moja niliingia jikoni nikawakuta wapagazi wakila kitu cha kahawia, wanamega kwa vidole na kuchovya. Dhido. Ni ugali, jamani! Unga wa ulezi, umesongwa sawasawa. Mama mwenye nyumba alishangaa kuona mgeni anaacha pizza ya mezani na kukaa sakafuni jikoni.

Wenye nyumba wanawake tulikuwa tukiwaita didi, dada mkubwa, na kiongozi wetu tulimwita dai, kaka. Ukitumia hayo maneno huduma inabadilika, kama vile kwetu mgeni anayesema shikamoo kwa mpishi. Didi wa Dingboche nitamkumbuka. Kila saa kumi na moja jioni alikuja na ndoo ya samadi ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa kule, iliyokaushwa kwa mabamba, anaipanga ndani ya jiko la chuma katikati ya ukumbi kwa mikono mitupu, anamwagia mafuta ya taa kidogo, anawasha, anafuta mikono kwenye aproni yake ya mistari, kisha anakuja kukuuliza utakula nini. Mreno alikuwa mzito kidogo kuagiza. Mimi nimekulia kwenye zizi la ng'ombe wa ndani, niliagiza viazi vya kuchemsha na pilipili, vizuri kama vya kwetu.

Sasa, mwinuko. Kilimanjaro tunapanda juu na kushuka mbio. Kibo, kwenye mita 4,720, mgeni analala saa chache tu, usiku wa manane unamwamsha, asubuhi yuko Uhuru, jioni ile ile yuko Horombo anakula supu. Huku unalala juu, usiku mzima, tena siku zinafuatana: Dingboche 4,410, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Na mimi nilikuwa sijapanda tangu mwezi wa pili, mwili ulishasahau. Lobuche nilipata kichwa cha kugonga kama nyundo. Usiku nilikuwa nikishtuka kutoka usingizini nimeacha kupumua, navuta hewa kama aliyetolewa majini. Kipimo cha kidole kilisoma oksijeni asilimia 78. Nimewaambia wageni mara ngapi "hiyo ni kawaida, tulia"? Ni kawaida, kweli. Kutulia ndiko hakuwezekani.

Ndiyo maana ratiba nzuri ina siku mbili za kuzoea, moja Namche na moja Dingboche. Unapanda kidogo mchana, unarudi kulala palepale. Tukiwa Dingboche ofisi ilimpigia kiongozi. Nilikuwa karibu, sijui Kinepali, ila sauti ya bosi anayebana ratiba haihitaji mkalimani. Baadaye alituambia wazi: wanataka turuke siku ya mapumziko, kuna kundi lingine linamsubiri Lukla. Akawaambia hapana. Kijana wa miaka kama 28, ana mke na mtoto, anamkatalia aliyemwajiri kwa ajili ya watu wanne aliokutana nao wiki ile. "Bistarai, bistarai," ndilo neno lake la kila saa. Maana yake ni pole pole.

Hata hivyo mlima ulichagua. Lobuche, saa kumi jioni, dada wa Kireno alianza kutapika na kutembea kama mlevi. Hapo sikuhitaji kuambiwa kwamba ni ugonjwa wa mwinuko. Ofisi kwenye simu ikasema helikopta ije asubuhi, bima italipa. Ngoja niwaambie kitu: kuna watu wanaokula kwenye hizo helikopta. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ililazimika kuchunguza mtindo wa kuwarusha wageni bila sababu ili kuchuna kampuni za bima. Mgonjwa asiyeweza kusimama, mrushe, tena haraka. Lakini huyu alikuwa na miguu, na dawa ya kwanza ya mwinuko ni kushuka, si kusubiri asubuhi ukiwa palepale. Kiongozi alimpa Diamox, vidonge vya mwinuko, akamwita msaidizi wake, na kabla ya giza walikuwa njiani na mumewe na taa za kichwani kwenda Pheriche, zaidi ya mita 500 chini, penye kliniki ya Himalayan Rescue Association iliyopo tangu 1973. Kesho yake jioni ujumbe ukaja: anakula mayai.

Base Camp yenyewe? Ni mawe na barafu, mahema ya njano ya wapanda kilele, na mwamba mmoja ulioandikwa kwa rangi ambapo watu wanapanga foleni ya picha. Kilele cha Everest hukioni kutoka pale, mlima Nuptse umekaa mbele. Wengi hawaambiwi. Nilikaa nikitazama ule mporomoko wa barafu wa Khumbu, unatoa sauti kama mlango mzito unaofunguliwa mbali, nikamfikiria Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kileleni, 2012. Alipita hapo katikati. Kisha nikaona baridi, nikaondoka.

Cha kuona ni Kala Patthar, kilima cheusi juu ya Gorak Shep. Tulitoka saa kumi na nusu alfajiri mimi na Mkorea, maji yameganda kwenye mrija, simu imezima kwa baridi. Jua lilitokea nyuma ya Everest yenyewe. Sina la kuongeza.

Alama zangu: kiongozi na timu yake, tano kati ya tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Vijiji na nyumba za kulala, nne, nimekata moja kwa ajili ya vyoo vya Gorak Shep. Ofisi, mbili. Nimewaandikia kuhusu dola 20, kuhusu simu ya Dingboche na kuhusu mizigo. Wamejibu la kwanza tu. Ukitaka kwenda, muulize muuzaji maswali matatu kabla hujalipa: ndege inaruka kutoka wapi, siku za kuzoea ni ngapi na nani ana mamlaka ya kuzibadilisha, na mpagazi mmoja anabebea wageni wangapi. Acha pia siku mbili za ziada mwishoni, Lukla ukungu ukishuka hakuna anayeruka. Sisi tulikwama siku moja na nusu.

Siku hiyo ya kukwama ndiyo niliyogawa bahshishi. Najua bahasha ya pamoja inavyopungua ikipita mikononi, kwa hiyo nilimpa kila mtu ya kwake, mkononi. Mpagazi wangu, mtu wa kabila la Rai wa vilima vya chini, aliniuliza kupitia kiongozi: kwenye mlima wenu mtu anabeba kilo ngapi? Nikasema ishirini. Akamwambia kiongozi arudie swali, labda sikuelewa. Ishirini, nikasema, wanapima getini. Alinyamaza kidogo, akavuta namlo yake iliyokuwa begani, akasema neno moja refu. Kiongozi akacheka kabla ya kutafsiri: anauliza kama mnaajiri.