Huduma za Uingereza: fahirisi ya ONS au PMI?

Huduma ni takriban asilimia 80 ya uchumi wa Uingereza, hivyo kila mwezi watu husubiri namba mbili zinazoonyesha hali ya sekta hiyo.

PMI, fahirisi itokanayo na maswali kwa mameneja wa makampuni, hutangulia, siku chache tu baada ya mwezi kwisha. Mameneja huulizwa: kazi imeongezeka, imepungua au iko palepale? Majibu hugeuzwa kuwa namba moja: juu ya 50 ni ukuaji, chini yake ni mdororo. Maduka ya rejareja hayamo. Na kwa kuwa haipimi ukubwa wa mabadiliko, hofu huingia humo kirahisi: Julai 2016, mwezi mmoja baada ya kura ya Brexit, ilianguka hadi 47.4. Uchumi haukuzama.

Fahirisi ya ofisi ya takwimu, ONS, huchelewa kama wiki sita, lakini hukusanya mauzo yenyewe, kisha huondoa athari ya bei. Kinyozi akipandisha bei kutoka pauni 15 hadi 18 huku wateja wakibaki walewale, mapato yamepanda asilimia 20; vichwa vilivyonyolewa, hata kimoja hakijaongezeka. Hapo ndipo ninapoiamini zaidi, ingawa nayo hurekebishwa baadaye, wakati mwingine mno.

Mfanyabiashara wa sarafu hawezi kungoja wiki sita. Mimi naweza.