Uzoefu wangu na kituo cha uangalizi wa wagonjwa Iringa mjini

Mama yangu alipata kiharusi, kikampooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Hospitalini walimpokea vizuri, presha ikashuka, akaanza kututambua, na baada ya muda daktari akasema tunaweza kumchukua. Ruhusa ile ilitutia hofu kuliko kulazwa kwenyewe. Mama hakuweza kujigeuza kitandani, alikuwa na mpira wa mkojo, na maji yakimpalia anakohoa hadi machozi yanamtoka. Nyumbani kwetu ni Kilolo, na kijijini hakuna muuguzi wa kumwita usiku. Ndugu tukakaa, tukaamua apelekwe kwanza kwenye kituo binafsi cha uangalizi hapa Iringa mjini, chenye wauguzi na mtaalamu wa mazoezi tiba, mpaka apate nguvu. Jina la kituo silitaji. Nitaandika nilichokiona, kizuri na kibaya, kwa ajili ya yule anayezunguka sasa hivi akitafuta pa kumweka mzazi wake.

Shangazi alisema wazi kwamba tumemtupa wifi yake. Nilimwelewa. Kwetu mzee hutunzwa na wanawe, na hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitazama familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Lakini mama alihitaji mikono iliyosomea kazi hiyo, na katika ukoo wetu haikuwepo. Tulichoahidiana ni kwamba hatutamwacha huko peke yake: kila siku awepo mmoja wetu, na saa zibadilike ili watu wa kituo wasituzoee.

Jengo ni zuri, lina vigae, maua na televisheni kubwa sebuleni. Sikuvijali hivyo. Niliomba kuingia wodini kabla ya saa ya usafi, kwa sababu mashuka yaliyolowa mkojo hayafichiki kwa dawa ya sakafu. Wodi haikunuka. Nikauliza leseni. Muuguzi nchini kwetu lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na matroni, yaani muuguzi mkuu wa pale, alizitoa kwenye faili bila kununa. Akanifafanulia pia jambo ambalo wengi hatulioni kwa kuwa wote wanavaa sare: wanaoosha, kulisha na kugeuza wagonjwa ni wahudumu, wanaotoa dawa, kupima presha na kusafisha vidonda ni wauguzi. Wahudumu walitosha mchana. Nilipouliza usiku wanabaki wangapi, alijibu kwa mkato, "Wapo wa kutosha." Jibu hilo halikunikaa sawa.

Kipimo changu kikubwa kilikuwa ngozi ya mama. Mgonjwa asiyejigeuza hukosa damu pale mfupa unapokandamiza godoro: chini ya mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, hata sikio akilalia ubavu. Kidonda kikianza hapo hula kwenda ndani kuliko kinavyoonekana juu, na kukiponya kunaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mabango mengi yanasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo aghalabu hauonekani. Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja wa pale, binti mdogo tu. Pagusa kwa mgongo wa kiganja, alisema, kisha gusa pembeni yake. Kama pana joto zaidi au baridi zaidi, pamekakamaa au pametepeta, au weusi wake umezidi wa jirani yake, usisubiri, niite. Alimfunua mama sehemu ile tu aliyohitaji kuiona, kwingine kote akamfunika shuka, na kila hatua alimwambia: "Mama, naomba nikuangalie mgongo. Samahani, mikono yangu ina baridi." Mama hakuweza kumjibu hata neno, lakini binti yule alimsemesha wakati wote.

Visigino vyake waliviacha vikielea, mto ukiwa chini ya mashavu ya miguu. Nimeona kwingine wakijaza maji kwenye glovu na kuzilaza chini ya visigino. Pale hawafanyi hivyo, na walinieleza kwamba glovu nayo inakandamiza. Mpira wa mkojo waliufunga pajani usivutike, na mfuko wake sikuwahi kuukuta umelazwa kitandani. Ulining'inia chini ya usawa wa kibofu, mkojo usirudi ndani.

Kwenye kulisha ndipo nilipowaheshimu zaidi. Sisi tulidhani mgonjwa anayepaliwa apewe vitu vyepesi, maji na chai. Ni kinyume chake. Kooni kwa mtu aliyepooza, maji mepesi hukimbia kabla koo halijajifunga, yakaishia mapafuni, na homa ya mapafu inayotokana na hapo huua wagonjwa wengi wa kiharusi. Walimkalisha wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito wa ulezi, kijiko kidogo, wakisubiri ameze kabla ya kingine. Mwisho walipitisha kidole chenye glovu shavuni upande uliopooza, kwa kuwa chakula hujificha pale bila mgonjwa kujua, kisha wakamwacha amekaa nusu saa nzima kabla ya kumlaza. Mhudumu aliyefanya haya mara nyingi ni mama wa makamo kutoka Kihesa. Hakuwahi kumharakisha. Naye ndiye aliyekuwa akiingia asubuhi kwa "Kamwene, mama," na ukiona uso wa mama ulivyofunguka kwa salamu hiyo, utajua kwa nini nilitaka mtu anayejua Kihehe awepo zamu zote.

Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida. Makande mazuri, ugali mara nyingine ulifika umepoa. Nguo mbili za mama zilipotea kwenye ufuaji na hazikurudi.

Wenye wazee huku nyanda za juu wasisahau baridi. Ule upepo wa Iringa wa Juni na Julai unapenya hata palipofungwa, na mgonjwa asiyejisogeza hutetemeka kimya. Nilifurahi kukuta jiko la mkaa limepigwa marufuku wodini, hata kwa ndugu waliotaka kulileta kwa upendo. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kila msimu wa baridi tunasikia misiba ya namna hiyo. Chupa ya maji ya moto nayo waliikataa kwa mama, kwa sababu upande wake uliopooza hauna hisia sawasawa. Angeungua bila kuondoa mguu. Waliomba blanketi la pili, soksi na kofia ya sufu. Tukaleta.

Sasa usiku.

Jioni moja nilichelewa kuondoka, nikafungua faili lililotundikwa mwisho wa kitanda. Ilikuwa saa mbili usiku. Chati ya kugeuza ilikuwa imeshajazwa mpaka saa kumi alfajiri: kushoto, chali, kushoto, sahihi, sahihi, sahihi. Nilisimama pale nikihisi mikono inatetemeka. Nikaomba kulala kwenye kiti kando ya mama, wakaniruhusu. Usiku ule mama aligeuzwa mara moja, na mara hiyo ni mimi niliyekwenda kumtafuta mhudumu. Kengele ya kitanda chake ilikuwa imefungwa upande wa kulia, upande wa mkono usiofanya kazi.

Nataka niwatendee haki. Muuguzi wa zamu hakuwa amelala. Alikuwa na mzee mmoja aliyehema kwa shida, na mhudumu pekee aliyebaki alikuwa wodi ya pili akibadilisha mashuka ya mgonjwa aliyeharisha. Watu wawili kwa wodi mbili zenye wagonjwa wasiojigeuza: hata wangekuwa malaika, hesabu ya kila saa mbili isingetimia. Kosa la kupanga watu wachache ni la uongozi. Lakini kusaini kazi ambayo haijafanyika ni uamuzi wa mtu, na ni wa hatari, kwa sababu chati tupu ingemwambia anayeingia asubuhi kwamba mgonjwa huyu amelala vilevile usiku kucha, angaliwe mara moja. Chati iliyojazwa inamwambia aendelee na mwingine.

Asubuhi nilimwamkia matroni, nikaweka faili mezani.

"Mama, hii ya saa kumi alfajiri ilisainiwa jana jioni."

Aliitazama kwa muda. "Ndiyo, mwanangu. Naiona. Hili siwezi kulitetea."

Hakunifokea, hakutafuta nani kanionyesha, hakunikumbusha kwamba mimi si muuguzi. Aliita zamu yote. Kabla ya wiki kwisha akaongezwa mhudumu wa usiku, chati mpya zikataka saa iandikwe kwa mkono pale pale kazi inapofanyika, na kengele ikahamia kushoto. Matroni mwenyewe akaanza kupita usiku bila kutangaza. Mimi pia niliendelea kupita. Siku za kazi mambo yalikaa vizuri. Mwisho wa wiki bado walilegea, na kuna Jumapili mchana nilimkuta mama kwenye kiti amekaa na pampasi iliyojaa, wakati ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka haraka kuliko zote. Nililisema hilo pia. Kama ningepewa nafasi ya kuwapa alama, mchana wangepata za juu kabisa, usiku za wastani, na Jumapili nisingewapa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, wao humwita fizio, alinishangaza kwa jambo moja: alitumia muda mwingi kufundisha wengine kuliko kumshika mama. Aliwakataza wahudumu, na sisi ndugu, kumnyanyua mama kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega ikilegea, mfupa hushuka kutoka kwenye kiungo chake, na kumvuta mara chache tu kunaweza kumpa maumivu ya kudumu. Alituonyesha kumshika kiunoni, magoti yetu yakizuia yake, na kuhesabu pamoja naye kabla ya kuinuka. Aliweka meza, maji na hata viti vya wageni upande wa kulia, ule uliopooza ambao mama alikuwa akiusahau, ili ageuze kichwa na kuutafuta. Mazoezi yake kwa siku hayakuwa marefu, lakini kila aliyemlisha au kumvalisha aliyaendeleza, na hapo ndipo mama alipopata nafuu. Alianza kwa kukaa ukingoni mwa kitanda bila kushikwa, baadaye akasimama kwa woka, kile kiunzi cha kushikilia wakati wa kutembea.

Na siku moja aliimba. Wakristo walikuja kuwatembelea wagonjwa, wakaanza pambio analolijua tangu usichana, na mama ambaye hakuweza kusema hata "maji" akaimba maneno. Tulilia wote. Fizio alitueleza kwamba hutokea, kwani kuimba hutumia njia za ubongo zisizo sawa kabisa na zile za kuzungumza, na akatuambia tumwimbishe kila siku.

Kuhusu fedha: ada hupangwa kwa hali ya mgonjwa, kwa hiyo kiasi tulicholipa hakitakusaidia. Kitakachokusaidia ni kujua kilichomo. Kwetu kitanda, chakula, uuguzi na ufuaji vilikuwa ndani. Pampasi, glovu, dawa za kusafishia vidonda na baadhi ya vipindi vya mazoezi vilikuwa nje, na kwa pamoja vilitukamua kuliko tulivyotegemea. Kliniki na dawa za presha tulitumia kadi ya bima ya mama hospitalini, lakini kukaa kituoni tulilipa wenyewe, ndugu tukichangiana. Omba orodha hiyo kwa maandishi kabla ya kusaini, pamoja na jina la hospitali watakayomkimbiza mgonjwa akizidiwa, kwa gari gani na kwa gharama ya nani.

Ningempeleka tena? Ndiyo. Ngozi ya mama ilitoka pale nzima, na kwa mgonjwa aliyelala kiasi kile hiyo haikuja kwa bahati. Ila safari hii ningefika kwanza Jumapili mchana, bila taarifa, kisha ningeomba kuoneshwa ratiba ya zamu ya usiku kwa majina. Ningefungua faili la mgonjwa wangu kila ninapokwenda na kulinganisha saa iliyoandikwa na saa ya mkononi. Na ningetazama kengele iko mkono gani.

Mama yuko Kilolo sasa. Anafika uani kwa woka, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na maneno yanarudi machache machache. Shangazi ndiye anayeshinda naye. Kabla hatujaondoka, kituo kiliwaita yeye na dada yangu kwa siku kadhaa wajifunze kumgeuza, kumlisha na kumpima presha, na muuguzi yule binti aliandika kwa mkono saa za kila dawa kwa Kiswahili kinachosomeka. Ada ya siku zilizobaki walirudisha bila kusumbua.