Uzoefu wangu: Njia ya Majeneza, Grasmere hadi Rydal, siku ya kuondoka

Mwishoni mwa Mei tulipanga nyumba ya mawe kijijini Grasmere, Lake District (eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza), kwa wiki moja: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miezi 8, na mama mkwe aliyetoka Moshi kuja kututembelea Leeds. Wiki nzima ilikuwa nzuri, lakini kilichonifanya niandike ni matembezi ya siku ya mwisho. Wengi siku hiyo hutaka kupanda kilele kimoja zaidi, kisha wanakimbilia treni na soksi zimelowa. Sisi tuliaga kwa Njia ya Majeneza, na nikirudi nitafanya hivyo hivyo.

Ni njia ya miguu ya kilomita 3 hivi, inayopita chini ya mlima Nab Scar. Hailipiwi. Jina limetokana na kazi yake: zamani watu wa Rydal na Ambleside walipofiwa, walibeba jeneza kwa njia hii hadi kanisa la St Oswald's, Grasmere, ndiko walikozikwa. Karibu na Grasmere lipo jiwe pana, bapa, walipotua jeneza wakapumzika. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote wiki ile.

"Walipanda huku wote na maiti begani?"

"Ndiyo, mama."

"Na mvua hii?"

Akaweka mkono juu ya jiwe, akanyamaza. Sikumharakisha.

Mwenye nyumba wetu, bibi wa miaka 70 na ushei, alikuwa ametoka nasi saa 3 asubuhi. Nilidhani anakwenda dukani. Kumbe alitembea nasi tukapita Dove Cottage, alikoishi mshairi William Wordsworth na dada yake kuanzia 1799 hadi 1808, akapanda nasi mlima mpaka kwenye kibwawa kilicho juu, ndipo akatuaga na kugeuka. Mama alifurahi mno. "Huyu ametusindikiza," alisema, "hajatuagia mlangoni." Tangu siku aliyofika Uingereza lilikuwa likimsumbua hilo, kwamba mgeni anaagwa mlangoni na mlango unafungwa nyuma yake.

Baada ya hapo njia inaingia kwenye miti, inatoka, na kulia kwako chini unaliona ziwa Rydal Water. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinapanda milimani hadi macho yanachoka. Wiki nzima mama aliamini kondoo tuliokuwa tukiwaona ni wa aina mbili, mpaka alipomwona mwanakondoo mweusi ti akinyonya kwa mama wa kijivu mwenye uso mweupe. Ni Herdwick, kondoo wa huku: huzaliwa weusi, wakikua wanabadilika. Jambo nililolipenda zaidi kuwahusu ni kwamba huko juu hawahitaji uzio. Jike hufundishwa na mama yake sehemu yao ya mlima, na yeye humfundisha mwanawe.

Sasa lawama. Tangazo la wakala tuliyepangia nyumba lilisema kigari cha mtoto kinapita njia nzima. Hakipiti. Kuna mawe makubwa, mizizi, na mageti membamba. Nilikibeba kigari kichwani, na mama akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya kanga. Mtoto alilala hadi Rydal. Watu waliotupita, na karibu wote walitusalimu, walisimama kuuliza fundo linafungwaje, na mama akawaonyesha mara tatu, kwa Kiswahili na vidole. Kama una mtoto mchanga, chukua mbeleko, acha kigari. Viatu viwe vya soli yenye meno, maana mawe yakilowa yanateleza vibaya sana.

Njia inaishia karibu na Rydal Mount, nyumba ambamo Wordsworth alifia mwaka 1850. Kaburi lake liko kule kule tulikotoka, kwenye uwanja wa St Oswald's. Chini kidogo ipo Rydal Hall, yenye mkahawa na kibanda cha karne ya 17 kilichojengwa ili watu wakae wakitazama maporomoko ya maji. Tulikunywa chai, tukala biskuti za tangawizi tulizonunua Grasmere kwenye kile kiduka cha tangu 1854 kando ya kanisa. Mama alisema tangawizi imekolea inavyotakiwa, na yeye si mtu wa kusifia vyakula vya wazungu. Basi namba 555 lilituchukua barabarani likaturudisha kwenye mizigo yetu. Hilo hilo hufika stesheni ya Windermere, kwa hiyo gari si lazima.

Natoa nyota 5 kwa njia na kwa bibi aliyetusindikiza. Wakala namwachia 2, hadi arekebishe tangazo lake.