Uzoefu wangu na vioo vya silikoni kwa seni ya kuvunja dirisha la gari (Bukavu)

Bandugu wa kamera, wacha nieleze, juu najua kuna wenye watafikiri sawa vile mi nilifikiri, kwamba lazima upige kioo chenyewe. Tulikuwa na seni moja ya mwizi, anapiga kioo cha mlango wa Toyota na nyundo, anavuta sakoshi ya mama mwenye kukaa ndani, anakimbia. Sekonde 6 tu. Lakini huyo mama ni shangazi yangu, si mwigizaji wa kazi, na vifaa ni mi ndo nilikuwa nachunga, kwa hiyo roho haikutulia hata kidogo.

Kwanza tulijaribu kioo cha sukari. Fundi mmoja wa keki akatupikia sukari, maji na glukozi mpaka digri 150 hivi, akamwaga kwa plato, ikatoka safi, unaona mkono wako ng'ambo. Kesho yake asubuhi, na ile mvua ya mwezi wa 4 na unyevu wa ziwa, kioo kilikuwa kinatoka jasho, kinanata kwa vidole, nzi wamejaa. Sukari inavuta maji ya hewa, haina dawa. Na kile kipande kilibaki kikavu tulipokipiga kikavunjika virefu virefu sawa visu, kikamkata kijana wetu kwa kidole. Kioo cha mlango wa gari hakivunjikake vile! Kile kinapashwa moto sana kiwandani kisha kinapozwa haraka na upepo, ndo maana kikivunjika kinakuwa punje ndogo ndogo. Parabrizi (kioo cha mbele) ni ingine kabisa, ni vioo 2 na plastiki katikati, inapasuka sawa utando wa buibui na inabaki palepale.

Mtu wa garaji akasema tuvunje kioo cha kweli na kipande cha porseleni ya buji (ile plagi ya kuwasha moto ndani ya injini). Kinavunja kweli, tena bila nguvu, lakini punje zinaruka mpaka kwa macho. Shangazi akiwa ndani? Nikakataa.

Basi nikaagizisha silikoni kupitia Kigali, kilo 2, dola 60 pamoja na usafiri. Ni punje laini sawa kaucho, unaweza kuzifinya kwa kiganja, hazikati. Na hapa ndo nilielewa kwamba kioo chenyewe hakihitajiki: tulishusha kioo chote ndani ya mlango, kamera ikakaa kwa kiti cha shoferi, kijana akachuchumaa inje chini ya retro (kioo cha pembeni) na punje mikono 2, nyundo ya sponji tuliyopaka rangi ikiingia tu yeye anatupa. Jua la saa kumi lilikuwa linatoka nyuma, punje zikawaka zote, shangazi akapiga kelele ya kweli maana hatukumwambia ni saa ngapi (nilimuomba musamaha, na mwenye kufanya kazi hii amwambie mtu wake mbele). Tulirudia mara 5, hakuna mtu alipata hata alama.

Sauti tulichukua pembeni: kioo cha gari bovu ndani ya gunia, miwani ya kukinga macho, glavu, mikro karibu, pa! Na kwa picha ya kiti peke yake, shangazi ameshatoka, tukamwaga punje za kweli za garaji, juu silikoni kwa karibu sana inajionyesha, haina ile rangi ya majani kidogo ya kioo cha gari na ikianguka kwa simenti inadunda.

Ubaya mwingine, inakamata vumbi mbaya sana. Mi nilifua na sabuni ya unga ndani ya beseni, nikaanika kwa shuka, ikarudi karibu sawa mpya. Bei pia iko juu kwa filamu ndogo.

Mi naipa 4 juu ya 5. Imebaki kilo moja na kitu ndani ya mufuko, mwezi wa 7 tutaitumia tena kwa seni ya taksi.