TAHADHARI: Muuzaji wa resini za rangi na sapoti za printa za 3D anayezungukia Arusha na Moshi

Wadau wa uchapaji, habari za leo. Kuna mtu anauza resini za rangi (uji unaogandishwa kwa mwanga kuwa plastiki), wino wa UV (nao hugandishwa kwa taa) na filamenti (uzi wa plastiki wa printa) ya sapoti "inayoyeyuka kwenye maji" kwa bei ya chini mno, na mzigo wake ni mbovu. Jina na namba yake vipo polisi, nimeshafungua RB (namba ya taarifa ya polisi), kwa hiyo hapa sitaviandika. Nitaeleza anavyofanya, na namna ya kumkamata kabla hela haijatoka. Naomba msome mpaka kwenye habari ya meno, hasa nyie mafundi meno.

Nina karakana ndogo hapa Arusha. Mwezi uliopita nilipata oda ya kampuni ya utalii: modeli 60 za Mlima Kilimanjaro za kukaa kiganjani, msitu wa kijani chini, jangwa la kahawia katikati, barafu nyeupe juu ya Kibo. Kila rangi tunaichapa peke yake kwenye printa ya resini, kisha tunapachika vipande. Kijani na nyeupe zilikuwa zinakaribia kuisha, na ninaponunua Dar waliniambia mzigo haujaingia. Ndipo nikaona tangazo kwenye kundi la WhatsApp: kilo moja 70,000, wakati sisi wengine tumezoea 130,000 na kuendelea.

Nikampigia. Nikamwomba nifike dukani. Akasema stoo inakarabatiwa, atatuma boda. Nikamwambia sawa, boda akifika nifungue chupa moja nijaribu tone, ndipo nilipe.

"Hapana dada yangu, ukifungua umenunua. Hii kitu ikiona mwanga inaharibika."

Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu alichosema ni nusu kweli. Resini haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa mwanga. Ndani yake kuna kemikali inayosubiri mwanga wa zambarau, kwa printa zetu nyingi za mezani ni ule wa nanomita 405, na ukiupata inaanzisha mnyororo unaogeuza uji kuwa plastiki. Ni kweli ukiacha chupa wazi juani umeipoteza. Lakini kufungua kifuniko sekunde kumi ndani ya chumba na kuchota tone moja kwa kijiti hakuharibu chochote. Muuzaji anayejua bidhaa yake anajua hilo. Mimi pia nalijua, ila nilikuwa na haraka ya oda, nikalipa 530,000 kwa chupa tano na roli mbili za sapoti. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la duka wala la mtu niliyeongea naye.

Chupa ya nyeupe nilipoigeuza haikusogea vizuri. Nikaingiza kijiti, kikagota kwenye kitu kama ugali uliolala, chini kabisa ya chupa. Nikaitikisa dakika tano, bado. Nikaanza kuikagua lebo, nikaona ukingo wake umeinuka kidogo. Nikaubandua kwa ukucha taratibu, na chini yake kukawa na lebo nyingine, ya kampuni ileile, yenye tarehe ya kuisha muda iliyopita zaidi ya miaka miwili. Chupa ya kijani haikuwa na lebo ya pili, lakini utepe wa kifuniko ulikuwa umegundishwa kwa gundi, na ilinuka spiriti kali. Resini ina harufu yake, ila si ile. Naamini iliongezwa spiriti ili iwe nyepesi na ijaze chupa.

Kwa wageni wa kazi hii: rangi ndani ya resini ni unga laini ulioelea. Chupa ikikaa muda mrefu unga unashuka. Ukimimina ya juu, unapata resini iliyopauka. Ukifika chini, rangi imejaa mno kiasi kwamba inazuia mwanga usipenye, na tabaka haligandi mpaka chini. Resini nzuri ukiitikisa inarudi sawa. Iliyopitwa na muda inaanza kushikana yenyewe vipande vipande, na vipande hivyo havirudi.

Niliichuja, nikajaribu. Printa yangu naiwekea sekunde mbili na nusu za mwanga kwa kila tabaka. Kijani yake niliipeleka sekunde nane, kipande kikatoka laini kama jibini, nusu kimebaki chini kimeng'ang'ania filamu ya trei, ule utando mwembamba wa plastiki ulio chini ya trei ya resini. Nilipokibandua, filamu ikachanika. Resini ikashuka juu ya kioo cha LCD, kile kinachopitisha mwanga kutoka chini ya trei, usiku huo huo, na mwanga ukaigandisha hapo hapo. Kioo kimekufa. Ndiyo hasara kubwa kuliko zile chupa.

Sapoti nayo ina habari yake. Ukichapa twiga kwenye printa ya filamenti yenye pua mbili, chini ya kidevu na tumbo hakuna kitu cha kushikilia plastiki isining'inie, kwa hiyo pua ya pili inajenga nguzo za muda. Zile zinazoyeyuka kwenye maji kwa kawaida ni PVA. PVA inavuta unyevu wa hewani vibaya sana, ndiyo maana huja kwenye mfuko uliofyonzwa hewa, na kifuko cha kukausha unyevu ndani. Hizi mbili zilikuja kwenye boksi tupu. Nilichapa twiga mmoja, nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu jioni. Asubuhi nguzo zilikuwa ngumu vilevile, ziking'aa. Nilikata kwa koleo nikavunja mguu wa twiga. Niliuziwa plastiki ya kawaida isiyo na rangi, ambayo maji hayaifanyi lolote.

Nilipoandika kwenye kundi, kaka mmoja wa Moshi anayefanya mabango na kuchapa kwa UV juu ya mbao na vikombe akanipigia. Kwa mtu huyo huyo alinunua wino mweupe, akiambiwa ni "wino wa 3D, unafaa mashine zote". Hakuna wino wa namna hiyo. Mashine inayonyunyiza, hata zile kubwa za 3D zinazojenga kitu kwa matone ya rangi na kugandisha kila tabaka kwa taa, inataka wino mwepesi sana, kwa sababu tundu za kichwa chake cha kunyunyizia hazionekani hata kwa macho. Resini ya trei ni nzito mara nyingi zaidi ya huo. Ukimimina moja mahali pa nyingine umeziba kichwa. Na mweupe ndio mgumu kuliko wote, maana weupe wake ni titani dioksidi, unga mzito unaozama haraka, ndiyo sababu mashine nyingi zinauzungusha wino mweupe muda wote. Kichwa cha kaka huyu kimeziba na hakizibuki. Anadaiwa na wateja.

Sasa meno. Kwenye kundi lile mtu aliuliza kama resini hizi zinafaa kutengeneza kofia za meno za muda. Yule muuzaji akajibu, "Ndiyo, hii ni ya meno pia, haina madhara, imetokana na soya." Mwili ulinisisimka. Resini nyingine kweli zina mafuta ya soya ndani, lakini bado ni akrilati, kemikali ileile inayogeuka plastiki, na zikiwa hazijaganda zinadhuru ngozi. Resini ya kinywani inatengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo tu, inaoshwa na kugandishwa kwa utaratibu wa mtengenezaji wake, na vifaa tiba hapa nchini viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chupa yenye lebo mbili na spiriti ndani kuingia kinywani mwa mgonjwa ni jambo la kuogofya. Kama wewe ni fundi meno na umenunua kwake, tafadhali usiitumie, na kama umeshaitumia mwambie daktari unayefanya naye kazi leo.

Ngozi msiichukulie poa. Kijana ninayefanya naye kazi aliisafisha ile trei akiwa na glovu zilizochanika, na kifundo cha mkono kimevimba vipele mpaka sasa. Mzio wa akrilati ukishaupata unaweza kukaa nawe maisha, na hapo kazi hii unaiacha. Glovu za nitraili, si zile nyembamba za kupakia chakula, na resini ikigusa ngozi osha kwa sabuni na maji. Usianze na spiriti, inaiyeyusha na kuisambaza. Chupa zake hazikuwa na alama yoyote ya hatari, na hiyo peke yake ingetosha kunishtua.

Majaribio yenyewe ni mepesi. Dondosha tone kwenye kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, funika kwa kipande kingine juu yake, peleka juani mchana. Resini nzima inaganda ndani ya dakika moja au mbili, ukitenganisha vipande unapata kigamba kigumu. Kufunika ni muhimu, kwa sababu hewa ya oksijeni inazuia uso usigande, na tone lililo wazi hubaki na unato hata kama resini ni nzuri, usije ukamwonea muuzaji mwaminifu. Kwa PVA, kata vipande viwili vya sentimita mbili, weka kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Ndani ya dakika ishirini vinatakiwa kuteleza kama bamia na kulainika. Vikibaki vigumu, rudisha. Wino wa kichwa cha kunyunyiza usiununue bila kuona jina la kichwa unachofaa kwenye lebo. Na dai risiti ya EFD; mimi sikuidai, na polisi ndicho kitu cha kwanza walichoniuliza.

Ambao tayari mna mzigo wake, msiumwage kwenye mtaro. Mitaro yetu inashuka mtoni, na resini mbichi ni sumu kwa samaki na viumbe wa majini. Imimine kidogo kidogo kwenye chombo kipana kinachopitisha mwanga, tabaka jembamba, ianike juani mpaka iwe ngumu, ndipo itupwe. Usiigandishe chupa nzima kwa mkupuo, inapata moto. Lakini kabla ya hapo bakizeni chupa moja na lebo zake kama ushahidi, pamoja na ujumbe wa muamala. Namba ya simu yake itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na habari ya lebo feki ipelekeni Tume ya Ushindani, FCC, kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao.

Mpaka sasa tuko watatu tuliofika polisi, wawili Arusha na mmoja Moshi. Jana jioni nimeliona tangazo lile lile, picha ile ile ya chupa tano zilizopangwa kwenye kitambaa cha bluu, kwa jina jingine na namba nyingine. Ukiliona, piga picha ya skrini uniletee kabla hajalifuta.