Gereji inayochoma DPF bila kuuliza inaziba kwa nini

Kama una gari la dizeli na taa ya DPF, ile filta ya masizi kwenye eksozi, imewaka, pita mbali na gereji hii. Jina silitaji. Wana Arusha wanaopenda gereji yenye vigae na televisheni watajua wenyewe.

Kila nikienda jibu ni lile lile: imeziba, tuichome. Wanachomeka mashine, injini inanguruma palepale, eksozi inafika kama nyuzi 600, masizi yanaungua, taa inazima, nalipa. Haichukui muda inawaka tena. Mara ya mwisho nikauliza, kwa upole kabisa, inaziba kwa nini? Kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu: "Mama, we acha funguo, ya injini tuachie wenyewe." Na mama huyohuyo ndiye analipa! Kisha akaniandikia bei ya kuikata filta na kuweka bomba tupu. Mtoto akizibwa na mafua, unamkata pua?

Nikampelekea mzee mmoja wa Kwa Mrombo, banda lake la mabati tu. Nimemwamkia, boneti hata haijafunguliwa, akaniuliza: "Hita yako asubuhi inatoa joto, mama?" Vuguvugu, tangu baridi ya Juni ianze. Akachomoa kijiti cha oil, akanusa. Hakuna dizeli. Akasema gari halijaribu hata kuchoma masizi lenyewe njiani, kama inavyotakiwa. Lingekuwa linajaribu na kukatizwa, dizeli ya ziada ya kuchomea ingekuwa inashukia kwenye oil. Sensa ya presha ya filta akaisoma injini ikiwa imezimwa: sifuri, kwa hiyo haidanganyi. Tukatoka kuelekea Kisongo, mashine imechomekwa. Tunakata upepo vizuri, na maji ya rejeta hayavuki nyuzi 60 na kitu!

Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imekwama wazi. Injini haipati moto wa kutosha, kompyuta inaona bado ni baridi, basi haianzishi kuchoma masizi. Gari likisimama upepo haulipigi, injini inapata moto, ndiyo maana kule gereji masizi yaliungua bila shida. Namba hiyo ya joto ilikuwa mbele ya macho ya wale wa vigae siku zote, kwenye mashine yao ya gharama.

Mzee akafunga themostati mpya, akachoma mara moja, taa imetulia.

Sasa, breki walinifungia vizuri, hilo siwanyimi, na risiti wanatoa. Nilitaka kuwapa nyota tatu. Tena inawezekana filta yangu ina majivu ya oil ya tangu Japani, na majivu hayaungui. Ipo siku itabidi ifunguliwe ioshwe. Kwa hiyo labda hawakukosea sana kusema... hapana. Waliosema ni kukata, si kuosha. Nyota mbili.

Juzi wamenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, muda wa kuchoma DPF yako umefika. Karibu."

Nyota moja. Na hiyo ni ya breki.