Papers, Please: uzoefu wangu na gemu inayokupima kwa mshahara

Gemu nyingi zinazojinadi kwa maadili huweka kipimo pembeni: ukitenda wema kinapanda, ukitenda uovu kinashuka. Papers, Please, ya Lucas Pope (2013), haina kipimo hicho. Ina mshahara tu.

Wewe ni afisa wa uhamiaji mpakani Arstotzka, nchi ya kubuni, mwaka 1982. Unakagua pasipoti na vibali, unagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Kila uliyemhudumia sawasawa anakuingizia krediti 5. Ukikosea, karatasi ya onyo inachapwa papo hapo. Mbili za kwanza kwa siku zinasamehewa, kuanzia ya tatu unakatwa. Jioni pesa hizo hizo ndizo kodi ya nyumba, chakula, joto na dawa za familia.

Na saa inakimbia. Baada ya muda niliona kwamba sitazami tena sura za watu, natazama tarehe ya mwisho ya kibali, na anayejieleza sana dirishani ananikera. Hakuna aliyeniagiza niwe mkali; hesabu ya jioni ilitosha. Kisha akaja mlinzi, Calensk. Yeye hupata bonasi kwa wanaokamatwa, akaniahidi mgao. Kuanzia hapo, kasoro ambayo jana ningeirudisha na muhuri mwekundu tu, ikaanza kunukia posho. Jamani, kitufe kimoja cha kumkamata mtu, na nafsi yote imehama!

Kuna mume mwenye karatasi kamili, nyuma yake mkewe asiye na kibali cha kuingia, anayesema akirudishwa atauawa. Ukiwa bado na onyo la bure, huruma haikugharimu senti. Yakishaisha, unamhurumia kwa pesa ya nyumbani kwako. Nilimpitisha, lakini nilihesabu kwanza, na kule kuhesabu ndiko kulikonishtua.

Kasoro ninayoiona ni kwamba wenye visa vya kugusa moyo wamepangwa mapema, wengine wanazalishwa na kompyuta bila mpangilio. Ukishazoea, unanusa mtihani unakuja, na huruma yako inaenda kwa mwenye hadithi peke yake. Toleo la simu, lililotoka 2022, linachezeka, ila meza ya karatasi inabana. Kompyuta ni bora.

Ina miisho 20. Kadhaa utaifikia mapema, ukiwa gerezani.